Yasmin hakusubiri: riwaya ya mapenzi, filamu, na kosa langu la Njombe

 

Najua nimepotea. Mwenzenu niko mwaka wa mwisho, na mwaka wa mwisho hapa chuoni si mchezo: utafiti, semina, foleni ya maktaba, na maji ya hosteli yanayotoka yanapotaka yenyewe. Lakini jana usiku nilikuwa napanga makaratasi yangu ya zamani nikakutana na karatasi moja ya majibu, ya mwanafunzi wa kidato cha sita, ina wino mwekundu kama imechinjiwa kuku. Nikacheka peke yangu kitandani. Halafu nikaacha kucheka.

Nikaona isiwe tabu, ngoja niwasimulie. Ni habari ya riwaya ya mapenzi iliyogeuzwa kuwa filamu, na ni habari ya jinsi mimi nilivyoiharibu riwaya hiyo mbele ya watoto wa watu. Nasoma Historia na Kiswahili, kwa hiyo mtanivumilia nikianza mbali kidogo.

DARASA LENYE BARIDI

Agosti 2023 nilikuwa Njombe mjini kwa mazoezi ya kufundisha. Wanaoijua Njombe wanaijua baridi yake. Asubuhi ukifungua mdomo kusema "kaeni chini" mvuke unatoka kama wa birika. Shule siitaji jina. Nilipewa Kiswahili kidato cha sita, na riwaya niliyokabidhiwa ilikuwa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ambayo kwa miaka mingi imesomwa na wanafunzi wa kidato cha tano na sita nchi nzima.

Tatizo likawa moja. Wanafunzi zaidi ya hamsini, nakala nne! Na moja kati ya hizo nne ilikuwa imepoteza kurasa za mwisho. Wengi walikuwa wanasoma zile notisi za kutoa kopi: dhamira, wahusika, mbinu za kisanaa, basi. Ukiwauliza Yasmin ni nani wanakujibu kwa sauti moja, "Ni mwanamke aliyeonesha msimamo". Ukiuliza msimamo huo aliuonesha lini na kwa nani, kimyaaa.

Kwa ambao hamkuisoma, niwape kwa kifupi. Riwaya ilitolewa mwaka 1999 na Mkuki na Nyota. Iko Zanzibar ya mwisho wa ukoloni. Yasmin ni binti mdogo wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara mwenye umri wa kumzaa. Anachoka, anatoroka. Familia yake inamkataa, maana binti aliyemwacha mume ni aibu ya ukoo mzima. Anapokelewa na Mwajuma, mwanamke wa Kiswahili wa Ng'ambo, upande wa mji waliokuwa wakiishi watu wa kawaida. Huko Ng'ambo ndiko anakoujua ulimwengu wa taarabu, na huko anakutana na Denge, kijana msomi aliyerudi kutoka Urusi, mpinga ukoloni ambaye polisi wa Mwingereza hawamwachi apumue. Wanapendana. Mhindi na Mswahili, katika mji ambao serikali ilihesabu watu kwa asili zao, kila jamii na mahali pake. Hapo ndipo panapoitwa vuta n'kuvute.

Siku ya pili nikawaambia kwamba riwaya hii imeshakuwa filamu. Darasa likaamka! Nikawaambia mwongozaji ni Amil Shivji, Yasmin amechezwa na Ikhlas Gafur Vora, Mwajuma amechezwa na mwanamuziki Siti Amina, na Denge amechezwa na Gudrun Columbus Mwanyika. Weeee! Kwa wasiojua, Mwanyika ni jina la ukoo linalosikika sana Njombe, na humo darasani walikuwemo kina Mwanyika watatu. Mmoja akasimama kabisa kwenye dawati: "Denge ni wa kwetu!"

Wakataka kuiona. Sikuwa nayo. Mimi mwenyewe niliiona mara moja tu, jioni moja huku chuoni, ukumbi umejaa mpaka tukakaa sakafuni.

"Basi Madamu tusimulie," wakasema.

Na hapo ndipo mwenzenu nilipoteleza. Maana kusimulia filamu ni kazi ya ukoo wetu.

BANDA LA MJOMBA, MAKAMBAKO

Nyumbani kwetu ni Makambako, kama kilomita 60 kutoka Njombe mjini. Ukitoka Dar kwenda Mbeya unapita hapo, ukitaka Songea unakata kushoto hapo, na treni ya TAZARA inasimama hapo. Ni mji wa njia panda. Kila kitu kinapita Makambako: mahindi, mbao, viazi, wachuuzi, na kanda za video.

Mjomba wangu alikuwa na banda la video karibu na stendi. Alianza mwaka 1998, akiwa na deki moja, televisheni moja ya kichogo, mabenchi ya mbao na jenereta lililopiga kelele kuliko sinema yenyewe. Mimi nilianza kuingia kama mwaka 2009, enzi ambazo Makambako bado iko mkoa wa Iringa (mkoa wa Njombe ulianza rasmi 2012). Kiingilio kwangu ilikuwa kufagia.

Wenye umri wangu na zaidi mnakumbuka kanda zilizotafsiriwa. Jina kubwa lilikuwa Lufufu. Filamu ya Kihindi au ya Kichina inaonekana, na juu yake kuna sauti ya mtu mmoja anayesema maneno ya wahusika wote kwa Kiswahili, anaeleza, anatania, anakemea. Kanda ikiwa haijatafsiriwa, mjomba alikuwa anasimama mwenyewe pembeni ya televisheni na fimbo mkononi, anatafsiri.

Siku moja nilimuuliza, "Mjomba, hivi Kihindi ulijifunzia wapi?"

"Kihindi gani, mjomba? Nilikuwa naangalia macho yao tu."

Kati ya filamu alizozipenda ni Devdas, ile ya mwaka 2002 yenye Shah Rukh Khan, Aishwarya Rai na Madhuri Dixit. Pale ambapo wanawake wawili wanaompenda mwanaume mmoja wanacheza ngoma pamoja, Paro na Chandramukhi, banda zima lilikuwa linanyamaza, hata wauza karanga wanaacha kuita.

Sasa sikilizeni. Nimekuja kusoma huku chuoni kwamba Devdas ni riwaya ya Kibengali ya Sarat Chandra Chattopadhyay, iliyochapishwa mwaka 1917. Ni moja ya riwaya za mapenzi zilizogeuzwa kuwa filamu mara nyingi sana huko India: kuna ya 1935, kuna ya 1955, kuna hiyo ya 2002, na nyingine kibao. Na katika riwaya, Paro na Chandramukhi hawakutani kabisa! Ile ngoma iliyotunyamazisha Makambako haimo kitabuni. Ni ya mwongozaji.

Ningelikumbuka hilo nikiwa Njombe, yasingenikuta yaliyonikuta.

NILIVYOSIMULIA

Nilisimulia vipindi viwili. Jamani, nilisimulia! Nilikuwa Mwajuma, nikawa Inspekta Wright, nikawa Koplo Matata anayenusa nyumba za watu. Watoto wa darasa la jirani wakaja kusimama dirishani. Baridi tukaisahau.

Lakini riwaya ina kurasa nyingi na mimi nilikuwa na dakika themanini. Nikakata. Na katika kukata nikamtoa Bukheti.

Bukheti ni nani? Katika riwaya, mapenzi ya Yasmin na Denge hayaishii kwenye harusi. Denge ni mtu wa kukamatwa na kukimbia, na mwisho siasa inamchukua mbali. Yasmin hakai kulia miaka yote. Maisha yake yanaendelea, na anaolewa na Bukheti, kijana ambaye aliwahi kufahamiana naye Mombasa. Ukisoma haraka utasema mwandishi kaharibu utamu. Nami nilisema hivyohivyo. Nikaona Bukheti ananiharibia hadithi. Basi nikatunga mwisho wangu: Yasmin amesimama bandarini, jua linazama, ameshika barua ya Denge, anasubiri. Kila meli ikiingia anasogea. Anasubiri mpaka mwisho. Nikashusha sauti kama mjomba, nikanyamaza.

Darasa likapiga makofi. Msichana mmoja wa dawati la mbele akafuta machozi kwa sweta.

Wiki mbili baadaye ikaja jaribio la mwezi. Mwalimu wa somo akatunga swali kuhusu maamuzi ya Yasmin, akasahihisha mwenyewe. Karatasi ziliporudi, nusu ya darasa walikuwa wameandika kuhusu barua na bandari. Huyo msichana wa mbele alikuwa ameandika ukurasa na nusu, kwa mwandiko mzuri, kwamba uamuzi mkubwa wa Yasmin ulikuwa kumsubiri Denge bandarini. Wino mwekundu pembeni: "Hii haimo kitabuni!" Sifuri kwa kipengele hicho. Na mtihani wa Taifa ulikuwa Mei iliyofuata.

Alinifuata ofisini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa ameazima nakala yenye kurasa za mwisho, akaisoma usiku kucha. Akaniambia, "Madamu, kumbe hakusubiri. Mbona ulitunyima hiyo?"

Sikuwa na jibu. Karatasi akaniachia.

KWA NINI NILIMSIMAMISHA BANDARINI?

Hilo swali nimekaa nalo mpaka leo. Kukata si dhambi, kila anayegeuza riwaya kuwa filamu anakata. Kitabu kinaweza kukaa kurasa kumi ndani ya kichwa cha mtu. Filamu ina saa moja na nusu na nyuso. Lakini kwa nini kati ya miisho yote niliyoweza kutunga, nilitunga wa mwanamke anayesubiri?

Jibu la kwanza liko kwenye banda la mjomba. Kule ndiko tulikojifunzia mapenzi ya kwenye skrini yanakwendaje: jamaa anaondoka, mrembo anasubiri, jamaa anarudi. Zilipokuja filamu zetu za Kibongo miaka ya 2000 mkondo ukawa huohuo, tena unasubiri mpaka "sehemu ya pili". Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, mjomba alionesha filamu zake siku tatu mfululizo na watu walilia kama wamefiwa na ndugu. Sizibezi. Zile filamu zilitupa mapenzi kwa Kiswahili chetu, yakichezwa na watu wa rangi yetu. Lakini zilituzoesha.

Jibu la pili liko mbali zaidi, nalo ni la Njombe yenyewe.

Miaka hiyohiyo ya 1950 ambayo Yasmin na Denge wanakimbizana na polisi Zanzibar, huku kwetu vijana wa Kibena walikuwa wanapakiwa malori kwenda kukata mkonge. Njombe ilikuwa moja ya sehemu zilizotoa vibarua wengi, wale walioitwa manamba kwa sababu mtu alipewa namba. Wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kukusanya watu, SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944. Kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu, na fedha nyumbani ilikuwa ngumu kupatikana. Ni kweli kampuni ya miwati, ambayo leo tunaiita TANWAT, ilianza Njombe mwaka 1949, lakini wengi waliendelea kwenda pwani. Wengine walirudi na baiskeli na blanketi. Wengine hawakurudi.

Nani alibaki? Wanawake. Bibi yangu, mzaa mama, yuko kijijini nje ya Njombe, na hadithi zake zote za ujana ni za kusubiri. Kusubiri lori. Kusubiri mtu aliyetumwa salamu. Nimekua nasikia kwamba mwanamke mwema ni yule aliyesubiri. Kwa hiyo nilipohitaji mwisho wa kuliza watu, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kapu la bibi.

Kumbe nilichomnyang'anya Yasmin ni uamuzi wake wa pili. Wa kwanza ni kumtoroka Raza, na huo tunausifu kwenye notisi zote kwa sababu Raza ni mzee na hatumpendi. Wa pili ni mgumu zaidi kuusifu: kuendelea kuishi baada ya mtu unayempenda kuchukuliwa na historia. Adam Shafi alimpa Yasmin vyote viwili. Mimi nikampa kimoja na machozi.

KWA NINI TULINGOJA MIAKA MINGI?

Sasa niruhusuni nivae joho la Historia kidogo. Filamu ya Vuta N'kuvute ilioneshwa kwa mara ya kwanza Septemba 2021 kwenye tamasha la Toronto, Kanada. Riwaya ni ya 1999. Miaka 22. Na hii ni moja kati ya riwaya za Kiswahili chache sana zilizofika kwenye filamu ya urefu kamili. Waandishi tunao tangu enzi za Shaaban Robert. Kwa nini skrini ilikuwa mbali hivyo?

Si kwamba hatukuwa na sinema. Mapema miaka ya 1950 zilipigwa filamu za Kiswahili hapa Tanganyika, kama Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi, na nyota wake alikuwa kijana mmoja mzaliwa wa Songea, Rashidi Kawawa. Ndiyo, huyohuyo aliyekuja kuwa Waziri Mkuu! Ukisimama Makambako ukaangalia barabara ya kusini, ndiyo barabara ya kwao. Lakini filamu zile zilikuwa mradi wa serikali ya kikoloni, na serikali ya kikoloni ilitaka sinema imfundishe Mwafrika namna ya kuishi. Haikuwa na haja ya mapenzi ya Mhindi na mpinga ukoloni, tuseme ukweli.

Baada ya uhuru ikaja Kampuni ya Filamu Tanzania, TFC, mwaka 1968. Katikati ya miaka ya 1970 ikatoka Fimbo ya Mnyonge, ya kuhamasisha ujamaa. Mwaka 1985 ikatoka Arusi ya Mariamu ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, kuhusu mke mgonjwa anayeogopa waganga wa jadi. Kazi nzuri, lakini zilihesabika kwa vidole. Filamu ya mkanda ilikuwa ghali mno, vifaa vyote vya kununua kwa fedha za kigeni, nchi yenyewe inapanga foleni ya sukari. Ukipata mkanda wa kupigia filamu moja, utaufanyia mapenzi au kilimo? Mapenzi yalibaki vitabuni, na vitabuni nako hayakuwa salama sana: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1971 na kwa muda ikapigwa marufuku mashuleni.

Televisheni nayo ina kisa chake. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mapema miaka ya 1970. Sisi Bara tukangoja mpaka 1994. Ndiyo maana banda la mjomba lilipata wateja.

Halafu video ikashusha gharama. Ghafla mtu yeyote mwenye kamera na rafiki anaweza kutoa filamu kwa wiki mbili. Hapo mapenzi yakafurika. Lakini riwaya? Riwaya kama ya Shafi huwezi kuipiga kwa wiki mbili. Inataka mji wa miaka ya 1950: magari ya wakati ule, nguo za wakati ule, sare za polisi wa Mwingereza, barabara isiyo na nguzo ya simu ya mkononi. Yaani penzi lenyewe ni rahisi, watu wawili na chumba. Kinachogharimu ni historia inayolizunguka.

Ndiyo maana naiheshimu kazi ya Shivji na kampuni yake ya Kijiweni. Hakuanza na hiyo: kabla yake alitoa Shoeshine mwaka 2013, Samaki Mchangani mwaka 2014 na T-Junction mwaka 2017. Vuta N'kuvute aliiandika kwa ajili ya skrini pamoja na Jenna Bass wa Afrika Kusini. Baada ya Toronto ikapata tuzo kwenye tamasha la Carthage kule Tunisia mwaka huohuo wa 2021, na mwaka 2022 Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar ya filamu za kimataifa. Mara ya mwisho tulikuwa tumepeleka Maangamizi, mwaka 2001. Kati ya hizo mbili, miaka zaidi ya ishirini ya ukimya.

Nayo filamu imekata, tena sana. Imeweka macho kwa Yasmin na Denge, na kwa Mwajuma na taarabu yake. Mwanzoni nililalamika kama wenzangu wa Kiswahili tunavyopenda kulalamika: hiki kimeachwa, kile kimeachwa. Siku hizi nauliza swali jingine, lile ambalo walimu wetu wa Historia wanatukaririsha: shahidi huyu ni nani, na anasema akiwa amesimama wapi?

Maana hapa kuna nyakati tatu. Kuna miaka ya 1950 yenyewe. Kuna 1999, Adam Shafi anapoandika, mtu aliyezaliwa 1940 na kukulia humohumo, aliyeshaandika Kasri ya Mwinyi Fuad na Kuli, na ambaye baadaye aliandika Haini kuhusu magereza yaliyofuata kuuawa kwa Karume mwaka 1972. Anapoandika kuhusu vijana wanaoota uhuru, anajua ndoto ile ilifika wapi. Na kuna 2021, mwongozaji aliyezaliwa zaidi ya robo karne baada ya Mapinduzi, anayetaka kizazi chake kijue kwamba waliopigania uhuru walikuwa vijana, walipenda, waliimba, waliogopa. Wote watatu wanasema kweli, lakini si kweli moja. Filamu si kitabu kilichofupishwa. Ni shahidi mwingine, na shahidi anahojiwa.

Kosa langu mimi halikuwa kuongeza. Bhansali aliongeza ngoma nzima kwenye Devdas. Mjomba aliongeza kila usiku. Kosa langu ni kwamba sikuwaambia watoto wapi kitabu kinaishia na wapi naanzia mimi. Aliyelipia kiingilio cha banda alijua anayesema ni mjomba. Wanafunzi wangu walijua anayesema ni mwalimu.

NILIVYOJARIBU KUREKEBISHA

Siku iliyofuata niliingia darasani na ile nakala yenye kurasa za mwisho. Nikawaambia ukweli: bandari ni yangu, barua ni yangu, Yasmin aliolewa na Bukheti. Yakasikika manung'uniko, mmoja wa kina Mwanyika akasema nimemsaliti Denge. Nikampa kitabu yule msichana wa mbele, akasoma kwa sauti, akichoka anapokea mwingine. Ilituchukua vipindi vitano vya jioni. Hakuna aliyelia. Lakini walibishana mpaka kengele ya chakula, wengine wanasema Yasmin kasaliti, wengine wanasema Denge ndiye aliyemwacha kwa kuchagua siasa, na wengine wakauliza kwa nini lazima awepo msaliti. Mwalimu wa somo, Mungu ambariki, akakubali kuwapa jaribio jingine.

Jumamosi nilikwenda kwa bibi kumpelekea sukari na majani ya chai. Tukiwa jikoni nikamsimulia riwaya yote, safari hii na Bukheti ndani. Bibi alikuwa anamenya viazi. Nikamuuliza, "Bibi, wewe unaonaje? Angesubiri?"

Akanyamaza muda. Kisha akaniambia jambo ambalo miaka yote hakuwahi kunisimulia. Dada yake mkubwa alisubiri mvua sita. Ya saba akaolewa na mwanaume mwingine, akazaa watoto wanne, na watu wa kijiji walimsema mpaka kaburini. Hizo hadithi za kusubiri nilizokulia zilikuwa zimemkata yeye, kama mimi nilivyomkata Bukheti.

"Huyo binti wa Kihindi," bibi akasema, "alifanya vizuri. Weka kuni hapo."

Nikaweka kuni.

Wakati wa kurudi chuoni nililala Makambako kwa mjomba. Banda limeshafungwa zamani, siku hizi kila mtu ana banda lake mfukoni, ndani ya simu. Pale pamekuwa duka la pembejeo. Nilimwambia kuhusu Devdas, kwamba ile ngoma haimo kwenye riwaya. Akashangaa kidogo, akakuna kidevu.

"Mjomba," akasema, "basi hao wanawake hawakuonana kabisa?"

"Hawakuonana."

"Masikini," akasema. "Bora waliwakutanisha."

Haya basi. Mnaofundisha, msikate bila kusema. Mliosoma kwa notisi, kisomeni kitabu, halafu itafuteni filamu, halafu mbishane. Na wewe mwanafunzi wangu wa dawati la mbele, kama siku moja utasoma hapa: karatasi yako ninayo bado, na ile sifuri ni yangu.

Sijui wenzangu mnaonaje: angesubiri?